Wiki Tatu Bila Harufu ya Pilipili Manga

Simu ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, na Isakkiammal alikuwa amekaa sakafuni mbele yake kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Thangapushpam, mamamkwe wa binti yake, alisema wangepiga usiku ule ule, mzee wake akisharudi kwa msoma nyota. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Kila kitu kilicholia mtaani alidhani ni simu, akaiinua, akaitazama, akairudisha polepole kama yai.

Alichokuwa akikingoja ni siku. Selvakani, mwanawe wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kulikiuka hilo, hata mwaka ule wa mafuriko. Baada ya sherehe ya bangili mama humwendea binti yake, humleta, humlisha, humkanda, humlaza, mpaka mtoto azaliwe na shingo yake ikaze. Sherehe ilishafanyika wiki tatu zilizopita, bangili za kioo zikajaa mikononi mwa Selvakani mpaka karibu na kiwiko. Kilichobaki ni wakwe kutaja siku ya kumtoa.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kitanda kilikuwa kimeanikwa juani na kupigwa kunguni ambao hawakuwamo. Sari kuukuu za pamba zilikuwa zimechanwa zikawa nepi, zimefuliwa mara mbili. Bembea ya kitambaa ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti, na jioni nyingine Isakkiammal alikuwa akiisukuma kidogo kwa kidole, tupu vile vile, aone kama kamba inalia.

Na usiku ule kikohozi nacho kilikuwa macho.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukwangua tu, kisichotoa kitu. Kilianzia chini ya koo kama unyoya, kikapanda, na asipokiachia kilimtoa machozi. Akauma ncha ya sari yake. Akakohoa ndani ya mto. Akaingiza kichwa kwenye kabati la vyombo, akakohoa humo, kisha akasikiliza. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa wa pamoja, na nyuma yake alilala Bhagavathi, binti wa mjomba wake Thangapushpam. Usingizi wa Bhagavathi ulikuwa mwepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi.

Cha ajabu ni kwamba mtaa mzima hakuna aliyejua dawa za kikohozi kumshinda Isakkiammal. Alizipata kwa mamamkwe wake marehemu, bibi mkali aliyemfundisha kwa kumpiga vidole na mwiko. Kikohozi kikavu cha mtu mzima: pilipili manga zikaangwe kwa samli mpaka zianze kuruka, zisagwe na sukari mawe ya mti wa mvumo, zirambwe kidogo kidogo, na maji yasinywewe mpaka ulimi uache kuwaka. Koo lililopoteza sauti: kipande cha mzizi mtamu kikae shavuni. Mtoto asiyelala: jani la tambuu lipakwe mafuta, lipashwe juu ya taa, liwekwe kifuani likiwa vuguvugu. Tangawizi kavu, mrehani, manjano ndani ya maziwa, majani machungu ya kichaka cha uani. Vyote alijua kiasi chake kwa kuvishika tu. Watu walimjia mlango wa nyuma na vikombe vyao. Wengine walifika mbio na kuondoka mbio, wasikae hata kunywa maji, kwa sababu alikuwa mjane, na mjane huombwa dawa lakini hakaribishwi mahali penye furaha. Hata kwenye sherehe ya bangili ya mwanawe mwenyewe hakumvisha hata moja. Alikaa nyuma karibu na masufuria, akitazama wanawake wengine wakimpaka binti yake manjano na msandali mashavuni.

Ndipo kikohozi kilipomshika kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Thangapushpam aligeuka akamtazama, akatazama kando.

Mtazamo ule ulikuwa na sababu. Miaka kumi na moja nyuma Lingadurai, mume wa Isakkiammal, mgema aliyepanda mivumo arobaini kwa siku, alikufa kwa kifua kikuu. Kila mtu alijua. Kwa hiyo aliporudi nyumbani baada ya sherehe, Isakkiammal alichukua pilipili manga zake, samli yake na kikaango, akainama kuwasha moto, kisha akasimama tena.

Dawa hizo zina ubaya mmoja: zinanukia. Katika mtaa ule wa nyumba zilizoegemeana, ukikaanga pilipili manga kwa samli, mpaka nyumba ya nne watajua kuna koo lililokauka, na nyumba ya pili wataita, "Nani anaumwa?" Bhagavathi angejua. Na akijua Bhagavathi, Thangapushpam angejua kabla kikaango hakijapoa. Basi hakuwasha. Siku ya pili hakuwasha. Wiki tatu alikohoa ndani ya mito na makabati, dawa zimejaa kwenye kisanduku, naye hazigusi. Alijiambia anaogopa wakwe. Chini ya hofu hiyo ilikuwapo nyingine ambayo hakuitamka hata alipokuwa peke yake, na peke yake ndivyo alivyokuwa siku zote.

Simu haikulia. Kulipopambazuka alikuwa amelala ameketi, shingo imepinda.

Alipiga yeye, jua lilipokwisha kupanda.

"Mkwe, hamjambo? Mmekula?"

"Tumekula, mkwe. Na wewe?"

"Nimekula," alisema, na hakuwa ametia kitu kinywani. "Jana nilikesha na simu."

"Ee, jana. Mzee alichelewa. Msoma nyota anasema nyota hazijakaa sawa."

"Zitakaa lini?"

"Nyota si basi, mkwe, hazina saa za kuondoka."

"Basi nipe mwanangu niongee naye."

"Anaoga."

"Saa hizi tena?"

"Mimba ina joto." Thangapushpam alivuta pumzi, ikasikika. "Mkwe, nikuulize neno, na usinune. Kile kikohozi chako kinaendeleaje?"

"Kikohozi gani?"

"Kile cha siku ya bangili."

"Aa, kile! Kile si ulikuwa ni ubani tu, mlivyouchoma kama mnafukuza nyuki." Akacheka. Kicheko kikagusa ule unyoya. Akaziba simu kwa kiganja, akakimbilia mtungi, akanywa, akakohoa ndani ya kata, maji yakampalia. Aliporudi kwenye simu, upande wa pili walishakata.

Alitoka nje hivyo hivyo, sari imelowa kifuani. Bhagavathi alikuwa upande wake wa ukuta, anamwagia maji chungu cha mrehani.

"Bhagavathi! Umepeleka maneno gani kule?"

"Sikupeleka maneno, dada. Nimepeleka pua yangu tu."

"Pua?"

"Pua, ndiyo. Mwaka mzima jiko lako linanuka kama duka la dawa. Kitukuu cha jirani yetu mwenye baiskeli akipiga chafya moja, wewe umeshasaga. Sasa wewe mwenyewe usiku kucha nakusikia, khe, khe, kama paka aliyemeza mwiba, na jikoni kwako haitoki harufu hata ya punje moja! Wiki tatu, dada. Mwenye dawa asiponywa dawa yake, si anajua mwenyewe kwamba ugonjwa wake si wa dawa hiyo? Ulitaka nifikirie nini?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungenijibu 'kikohozi gani?'"

Ndilo neno Isakkiammal alilotoka kulisema kwenye simu muda ule ule. Kumbe wiki tatu zote alikuwa akijitangaza. Angekaanga pilipili zake tangu siku ile, angekohoa uani mchana kweupe na kulalamika kama wenzake, mtaa ungesema koo tu, ungemcheka, ungesahau.

"Nenda hospitali," Bhagavathi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi si adui yako. Lakini yule binti ana mimba."

Alikwenda kesho yake, peke yake. Hakuwa na wa kumwambia "nisindikize" asiyekuwa na maswali. Kwenye benchi la hospitali ya serikali alikaa kati ya mzee aliyelala na mama aliyekuwa akimenya chungwa, na kila alipokohoa wote wawili walisogea, mzee akiwa usingizini bado. Daktari alikuwa msichana wa rika la Selvakani, miwani imemteleza puani.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nachemsha tembo tamu la mvumo. La kutengenezea sukari guru."

"Kwa kuni gani?"

"Makuti yale yale ya mvumo. Ndio msimu wake."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Tangu watu washuke mitini mpaka sufuria igande."

Daktari akaandika. Makohozi alipotakiwa ateme hayakutoka, akatemeshwa tena asubuhi iliyofuata, na tena iliyofuata, na picha ya kifua ikapigwa. Siku tatu hizo hakuvuka kizingiti cha jiko. Alilala chali chini ya ile bembea tupu akihesabu mbavu zake kwa kidole, akijaribu kukumbuka Lingadurai alianza vipi. Alikumbuka vizuri mno. Lingadurai alisema ni vumbi la makuti. Alisema hivyo miezi sita, akificha leso zake kwenye paa la banda, mpaka siku Selvakani, wakati huo ana miaka kumi na moja, alipopanda kutafuta mpira akashuka na leso mkononi zenye damu.

Siku ya nne daktari aliinua ile picha dirishani. "Safi," alisema. "Makohozi safi, mapafu safi. Ni moshi, mama. Umekausha koo. Funga kitambaa ukichemsha, kaa upande upepo unakotoka. Na huko kwenu si mna vitu vyenu vya koo? Bibi yangu alikuwa akitupa pilipili manga na sukari ya mvumo. Kunywa tu, havikatazwi. Kisipopungua baada ya wiki mbili, rudi."

Isakkiammal alisema ahsante, akatoka, akafika nje kwenye mti wa mwarobaini, akaketi. Hakulia. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia, akipitisha majina kichwani moja moja, na yalikwisha upesi.

Alasiri ile alitoa jiko nje. Akaliweka katikati ya uwanja wa mbele, mahali ambapo wanawake huchora maua ya unga asubuhi, akawasha. Samli ilipoyeyuka akamimina pilipili manga konzi nzima, si vijiko viwili kama ilivyo desturi. Zikaanza kuruka na kupasuka. Moshi wake mkali ukapanda ukutani, ukaingia madirishani, ukashuka barabarani. Mwenye baiskeli akapiga chafya, mke wake akapiga chafya, mbuzi akapiga chafya.

Bhagavathi akachomoza, pua ndani ya kitambaa. "Dada! Unatibu koo au unafukiza mtaa?"

"Nakohoa, Bhagavathi! Nakohoa tangu siku ya bangili! Waambie!"

"Nimesikia, nimesikia, macho yangu jamani!"

"Na kifua changu kimepigwa picha, ni kisafi! Hilo nalo waambie, kwa mdomo ule ule!"

"Kisafi kweli?"

"Picha hii hapa, njoo uone."

Bhagavathi alikuja akaishika juu juani, akaitazama ya juu chini. "Mbona una mbavu nyingi hivi," alisema. Kisha machozi yakamtoka, akadai ni pilipili.

Usiku ule Isakkiammal alikohoa kwa sauti yake yote, akaramba dawa, akakohoa, na karibu na alfajiri akapata usingizi. Asubuhi alimpigia Selvakani kwenye simu yake mwenyewe. Ililia mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akatuma ujumbe kupitia Bhagavathi. Jibu likaja kwamba habari imefika. Habari imefika, wala hakuna zaidi. Siku mbili akangoja, kisha akatia picha ndani ya bahasha yake, akavaa sari yake nzuri ya mwisho, akapanda basi la saa tano.

Kijiji cha wakwe kilikuwa cha mchanga mwekundu, na katika vijiji kama kile mlango haufungwi mchana. Hufungwa kwenye msiba, au watu wakisafiri. Isakkiammal alikuja na njia akiona nyumba zote zimeachama, kuku wakiingia na kutoka, na ya Thangapushpam peke yake ikiwa imefungwa, milango yake miwili ya mbao imekutana katikati. Akasimama. Akabisha. Ndani bangili zililia, nyingi kwa pamoja, kisha zikanyamaza kana kwamba mwenyewe amezishika.

"Selvakani? Mamangu? Ni mimi."

Kutoka upande wa nyuma akatokea Thangapushpam akizunguka nyumba mbiombio, mikono ina unga wa mchele.

"Mkwe! Umekuja juani hivi! Keti, keti barazani."

"Unanifungia mlango, mkwe," Isakkiammal alisema. Alikuwa amejiandaa kusema kwa upole, akashindwa. "Kama unamkataza mwanangu kuja kwangu, niambie usoni. Usiniletee nyota."

Thangapushpam alifuta mikono polepole. Alikuwa mwanamke mnene, wa maneno mengi. Akaketi barazani, akapiga mahali pa kando yake ili mwenzake aketi.

"Mlango huu sikuufunga mimi," alisema mwishowe. "Nyota niliziongopea, naomba radhi. Lakini si mimi. Yeye ndiye aliyeniomba. Alinishika miguu, mkwe. Alisema, nisipelekwe kule. Na ulipoonekana pale kwenye kona, amekimbia na tumbo lake lile, akatia komeo."

Isakkiammal alimtazama. Kwa muda wote ule alikuwa amemgombeza mwanamke huyu kichwani, kila usiku kwa maneno mapya, na maneno yote sasa yakawa hayana pa kwenda.

"Bhagavathi hakumwambia? Kifua safi?"

"Alimwambia. Yeye akasema, 'Hata baba alisema ni vumbi.'"

Kikohozi kikaja. Isakkiammal hakukiziba. Alikohoa barazani kwa watu, mbele ya mlango, akakohoa mpaka kikaisha, na Thangapushpam hakusogea. Kisha akainuka, akaenda akasimama karibu na mbao, karibu kiasi cha kuona uzi wa giza kati ya milango miwili.

"Mwanangu, sikuja kukuchukua. Nimekuja kusema. Nilikuwa nakohoa siku ya bangili, na kabla yake kidogo. Nilificha. Uliponiuliza kwenye simu, wiki ile ya kwanza, nikasema ni baridi. Kule kwetu baridi inatoka wapi, mwezi huu? Nilificha kwa sababu nilidhani ninao ule wa baba yako. Nilidhani hivyo mpaka Jumatatu. Sikuwa na wa kumwambia."

Akasogeza mdomo kwenye ule uzi wa giza.

"Ungekuja kwangu siku zile, ningekupokea," aliendelea. "Ningekulaza karibu yangu, ningekohoa ndani ya mto, nisiseme. Hilo ndilo linalonitisha sasa. Umefanya vizuri kutokuja. Picha iko kwenye bahasha, na barua ya daktari. Sijui kuisoma yote. Mume wako akusomee."

Akapitisha bahasha chini ya mlango. Iliingia nusu, ikakwama. Akarudi barazani akaketi mwisho kabisa, mbali na mlango, mikono mapajani.

"Mimi sina neno, mkwe," Thangapushpam alisema kwa sauti ya kusikika ndani. "Aliyetia komeo ndiye atakayelitoa. Akilitoa, mchukue hata leo hii. Nyota nitazipanga mwenyewe, nimeshazizoea."

Walikaa. Kivuli cha paa kikarefuka kikafika vidoleni mwao. Thangapushpam alileta maji. Isakkiammal akanywa bila mdomo kugusa bilauri, kama inavyofanywa. Jirani mmoja akapita, akauliza kama kuna msiba, akaambiwa hapana, akapita tena makusudi. Basi la mwisho la kurudi lilikuwa la saa kumi na moja. Isakkiammal alilisikia likipiga honi barabara kuu, akafunga ncha ya sari yake kiunoni, akaanza kutafuta ndala zake kwa miguu.

Alipotupa jicho chini ya mlango, bahasha haikuwapo.

Hakujua ilivutwa saa ngapi. Alibaki ameinama hivyo hivyo, ndala moja mguuni. Ndani bangili zikalia, kidogo, zikakaribia, na chuma kikakwaruza mbao. Ubao mmoja ukasogea, halafu wa pili. Selvakani alikuwa amesimama kizingitini, tumbo mbele, ncha ya sari ameishikilia puani na mdomoni, macho mekundu juu yake, na kwenye mkono wa pili begi la nguo.

"Umekula?" aliuliza nyuma ya kitambaa.